NYUMBA YA JAMAA MOJA ILIYOGEUZWA VYUMBA KUMI NA VIWILI

(Hotuba ya mjumbe wa kamati ya makao, iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini zamu ya mchana, ambao waliiomba.)



Katibu ameniomba niseme juu ya nyumba ambazo mabango yake husema ni mpya, na kumbe si mpya. Ni nyumba za zamani zilizokatwa vipande. Rangi ni mpya, vigae vya sakafu ni vipya, na mlango wa chuma ni mpya. Lakini msingi, mabomba na waya ni vile vile vya zamani. Wengi wetu twalala humo, na wengine mnatafuta chumba cha namna hiyo mwisho wa mwezi huu. Nataka tujue la kutazama kabla ya kutoa fedha, maana mtu akisha toa dipoziti hatazami tena, hujifariji tu.

Tuanze na asili yake. Umoja na Buruburu zilianza kujengwa miaka ya 1970, Umoja kwa mkopo wa Marekani uliopewa Baraza la Jiji la Nairobi, na Buruburu kwa fedha zilizotoka Uingereza. Zilikuwa nyumba za jamaa moja moja: sebule, vyumba vichache vya kulala, jiko, choo, na ua mdogo. Waliozichora walipiga hesabu ya baba, mama, watoto, na labda mgeni kutoka nyumbani. Bomba la choo lilitosha watu hao. Waya ulitosha taa, redio na pasi. Msingi ulichimbwa wa kubeba kuta za nyumba ndogo na paa lake, basi.

Miaka ikapita. Aliyenunua akastaafu akarudi kwao, au akafariki na watoto wakauza. Mnunuzi mpya hatazami nyumba, yeye huhesabu milango. Sebule hukatwa mara mbili kwa ukuta wa matofali au wa ubao uliopakwa plasta. Jiko hugeuka chumba. Ua hujengwa mpaka kwenye ukuta wa jirani. Kisha hupandishwa orofa moja, na nyingine juu yake, na nyingine. Palipokuwa na mlango mmoja sasa ipo kumi na miwili, na kila mlango una choo chake na shawa yake ya stima. Katika njia nyingine za Umoja leo utatembea sana kabla hujaona nyumba iliyobaki kama ilivyojengwa.

Sisemi kwamba kila mwenye nyumba ni mtu mbaya. Jiji lina uhaba wa vyumba, na wako waliogeuza nyumba zao kwa utaratibu, wakaita injinia, wakachimba upya msingi na kuvuta waya mpya. Nyumba hizo ziko, na wenyewe hawakasiriki ukiwauliza karatasi. Ukiona anakasirika, hilo nalo ni jibu.

Sasa shida ya ukaguzi. Nyumba inapojengwa upya, mkaguzi yapasa afike mara nyingi: mtaro wa msingi ukiwa wazi kabla ya kumwaga zege, vyuma vikiwa vimefungwa kabla ya slabu, mabomba kabla ya kufukiwa. Kila kitu hukaguliwa kabla hakijafunikwa. Nyumba ya kugeuzwa haiendi hivyo. Lango hufungwa, mafundi huingia Ijumaa jioni, ukuta hubomolewa Jumamosi, plasta hupigwa Jumapili, na Jumatatu asubuhi mpita njia haoni ila rangi. Hata mkaguzi mwaminifu akifika mwezi wa pili, ataona nini? Hawezi kutazama ndani ya zege kwa macho.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yataka mtu apate ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga au kubadili matumizi ya nyumba, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini au kufungwa. Kanuni za majengo tulizokuwa nazo zilikuwa za mwaka 1968. Zimeandikwa upya mwaka 2024 na zikaanza kutumika Machi 2025. Na nyumba isikaliwe na watu kabla haijapata cheti cha kukaliwa. Yote haya yameandikwa. Lakini kati ya karatasi na kitanda chako pana umbali mrefu.

Mnakumbuka Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ilipokuwa kubwa, nyumba ya orofa karibu na mto ilianguka na watu wapatao 50 wakafa. Nyumba ile ilikuwa imekwisha kutajwa miongoni mwa zile za kubomolewa. Yaani ukaguzi ulikuwa umefanywa, na bado watu walikuwamo wamelala, kwa sababu alama nyekundu ukutani haimpi mtu chumba kingine. Serikali inajua ubaya wa nyumba, mpangaji anaiona alama, na kodi inaendelea kulipwa. Kwa hiyo tusingoje mkaguzi peke yake. Yafaa sisi wenyewe tuwe na macho, na tujue mahali ambapo rangi haifiki.

Mimi ni fundi wa stima, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa hapo zaidi.

Usianze na chumba unachoonyeshwa. Nenda kwanza kwenye mita. Nyumba ya jamaa moja ililetewa waya mmoja kutoka mlingotini na fyuzi kubwa moja, mara nyingi ya ampea 60 au 80. Shawa moja ya maji moto hula kama wati 5,000. Gawanya kwa volti 240, utapata ampea 21 kwa shawa moja. Sasa saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wa zamu ya asubuhi wakioga, shawa nne tu zikiwa zimewashwa pamoja ni ampea 84. Na milango ni kumi na miwili. Mwenye nyumba atakuonyesha mita ndogo ya tokeni mlangoni pako, nzuri na mpya, na utadhani una stima yako mwenyewe. Mita ile yahesabu fedha tu. Haiongezi unene wa waya unaokuja kutoka nje.

Fyuzi ikikatika kila siku, wapangaji hupiga kelele, na mtunza ploti hutafuta njia ya mkato: hutia kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi. Kelele zinakwisha. Tangu siku hiyo kitu kitakachoungua kwanza si fyuzi tena, ni waya ulio ndani ya ukuta, nyuma ya kitanda cha mtu. Ishara zake zaonekana hata na asiye fundi. Taa hufifia jirani akiwasha shawa. Sokoni, yaani pale unapochomeka pasi, pana alama ya hudhurungi kama ya chai. Swichi huwa na joto. Pana harufu ya plastiki iliyoungua ambayo watu wa humo wameizoea hata hawaisikii. Na ukishika bomba la maji ukahisi vidole vinatekenywa, toka humo. Usikubali maneno ya kwamba ni kidogo tu. Shawa ya stima isiyo na waya wa ardhini huua mtu akiwa na sabuni usoni. Uliza waya wa ardhini uko wapi, uonyeshwe kwa kidole.

Mabomba nayo yana hila yake. Nilikwenda pamoja na mwanachama mmoja kutazama chumba cha chini katika nyumba ya namna hii. Kilikuwa rahisi kuliko vyumba vya juu kwa shilingi elfu moja na mia tano, na mwanachama akafurahi. Tulifika Jumapili saa nne asubuhi, kila kitu kikavu, kinang'aa. Nikamwomba turudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Tulipofika, mama wa chumba cha pili alikuwa amesimama mlangoni na ndoo na tambara, anasukuma maji machafu yaliyokuwa yanatoka chooni mwake. Hakuwa ametumia choo. Yalikuwa maji ya orofa za juu. Bomba la chini ya ardhi lilikuwa lile lile la inchi nne lililowekwa kwa choo kimoja, limeungwa vyoo vipya kwa kona kali, na sehemu moja halina mteremko wa kutosha. Watu wote wakiamka pamoja, maji hutafuta mahali pa chini pa kutokea, na mahali pa chini ni choo cha yule aliyepunguziwa kodi. Zile shilingi elfu moja na mia tano hazikuwa zawadi.

Kwa hiyo nenda asubuhi ya siku ya kazi. Tafuta kifuniko cha shimo la maji machafu, ukiweza kifunuliwe. Kama kimejengewa chumba juu yake, na hilo hutokea sana, basi siku bomba likiziba litazibuliwa kupitia sakafu ya mtu. Inua pua yako chooni: harufu isiyokwisha hata baada ya kusafisha mara nyingi yatoka kwenye bomba lisilo na kona ya kushika maji, au lisilo na bomba la hewa linalopanda juu ya paa. Simama nje uhesabu hayo mabomba ya hewa.

Nakuja kwa kuta na msingi. Hapa namshukuru ndugu mmoja mwashi wa tawi letu aliyenifundisha. Sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi zina udongo mweusi, ule unaoshika viatu. Udongo huu huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, na msingi uliokaa juu yake hupanda na kushuka kwa majira. Nyumba ndogo huvumilia. Ukiiongezea orofa tatu haivumilii. Tazama pembe za madirisha na milango. Ufa mwembamba kama unywele katika plasta si neno. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, ambao waweza kuingiza ncha ya kalamu, na ambao umeonekana ndani na nje ya ukuta huo huo, huo si wa plasta. Aliyekwisha ingia katika nyumba ya namna hiyo apige alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, apime kati yake, aandike tarehe ukutani. Mwezi ujao apime tena. Umbali ukizidi, nyumba inatembea.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Mlio mtupu waonyesha plasta imeachana na jiwe, au ukuta si wa jiwe bali ni ubao. Uliza hasa palipobomolewa ukuta ili kupata mlango au kuunganisha vyumba, maana si kila ukuta ni pazia; kuta nyingine ndizo zinazobeba slabu. Kisha simama barabarani utazame orofa moja moja. Ukuta wa juu yafaa ukae juu ya ukuta wa chini au juu ya boriti ya zege. Ukiona orofa ya pili imetokeza nje kuliko ya kwanza na chini yake hakuna nguzo, tafuta kwingine. Na usisahau tangi la maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 10,000 ni tani kumi, zimewekwa juu ya paa ambalo lilichorwa kubeba mvua tu. Mara nyingi matangi ni mawili.

Juu ya hewa sitasema mengi, kwa kuwa afisa wa afya alikwisha zungumza nasi. Chumba kilichokatwa kutoka katikati ya nyumba mara nyingi hakina dirisha la nje. Dirisha lake latazama ukumbini. Katika chumba cha namna hiyo kifua kikuu huenea upesi, nguo hazikauki, na jiko la makaa huua kimya kimya usiku. Hilo la makaa msilifanyie mchezo. Na dirisha lenye vyuma visivyofunguka si njia ya kutokea moto ukiwaka. Hesabu hatua kutoka kitandani mpaka barabarani, na uulize ngazi ni ngapi na nani ana ufunguo wa lango usiku.

Mtaniambia: Ndugu, tukikataa chumba hiki, mwingine ataingia kabla jua halijatua. Ni kweli. Na nyingine ni kweli vile vile: ukimwita mkaguzi na nyumba ikafungwa, wewe ndiwe utakayelala nje, na dipoziti hutaiona upesi. Mimi siwezi kusimama hapa na kuwaambia kwamba mtu mmoja mwenye mshahara wetu anaweza kupigana na jambo hili peke yake. Lakini wapangaji kumi na wawili wakiandika barua moja, ikitaja kasoro moja moja, na nakala ikapelekwa kwa afisa wa afya wa kaunti, hiyo ni habari nyingine. Sheria ya Afya ya Jamii, Sura 242, inaihesabu nyumba yenye unyevu, isiyo na hewa, au iliyojazwa watu kupita kiasi kuwa ni kero, na afisa aweza kumpa mwenye nyumba ilani ya kuiondoa. Barua yetu iombe matengenezo yanayojulikana: waya mkubwa kutoka mlingotini, bomba jipya, dirisha. Msiandike tu kwamba nyumba ni mbaya, maana jibu la neno hilo ni kubomoa. Ila ufa wa msingi ni mbali. Hapo hatuombi matengenezo, twahama, na chama kisaidie watu kuhama pamoja.

Yuko na mkosaji mwingine ambaye hatupendi kumtaja. Nani hubomoa zile kuta Jumamosi? Ni wenzetu, mafundi, kwa fedha ya siku. Halmashauri ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, huandikisha wanakandarasi na mafundi wenye ujuzi. Fundi aliyeandikishwa ana haki ya kuuliza mchoro uko wapi, na ana haki ya kukataa kukata boriti. Najua kukataa kuna gharama. Kamati yaomba mwanachama atakayefukuzwa kazini kwa kukataa kukata boriti au ukuta unaobeba slabu alete habari hiyo tawini, tuipokee kama tunavyopokea habari ya aliyefukuzwa kwa mgomo.

Mwisho ni mshahara, kwa kuwa mtu hapangi chumba cha katikati kisicho na dirisha kwa kupenda. Tume ya Carpenter ya mwaka 1954 ilikwisha ona kwamba mishahara ilikuwa imepimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, ikataka ipimwe kwa mtu mwenye jamaa pamoja na makao yake. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ifaayo au fedha ya kutosha kupanga nyumba ifaayo. Neno ni "kutosha." Katika amri za mishahara posho ya nyumba ni asilimia 15 ya kima cha chini, mwenye kalamu apige hesabu aone asilimia hiyo yampatia mlango gani Umoja. Na kila mmoja wetu hukatwa asilimia moja na nusu kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wengi wetu bado hatujaona ufunguo. Tunapokwenda kuzungumza na waajiri mwaka huu, nataka wajumbe wetu wachukue mezani kodi halisi ya vyumba vyenye dirisha, waya wa ardhini na choo kisichorudisha maji, wala si kodi ya vile vya bei rahisi tunavyojibanza sasa. Mwajiri akipewa bei ya chumba kibovu, atatulipa ya chumba kibovu.

Kamati imefungua kitabu, kiko mezani kwa Katibu. Andikeni humo nyumba mnazokaa, idadi ya milango, idadi ya mita, na kasoro mliyoiona. Majina yenu hayatatoka nje ya ofisi. Mwanachama anayetaka kupanga atapewa watu wawili wa kwenda naye, mmoja mwashi na mmoja wa stima, atalipa nauli yao tu. Jumamosi hii tutatazama nyumba mbili Umoja. Anayetaka kujifunza afike ofisini saa nane mchana, awe na tochi na viatu visivyoogopa matope.

Nitapokea maswali, na kwanza yule mama wa nyuma aliyeinua mkono nilipokuwa nikisema juu ya shawa.